Stani, bismuthi, zinki au shaba: kuchagua oksidi ya kubadili hewa ya ukaa kwa umeme katika maabara ndogo za Mtwara na Lindi

Anayetaka kubadili hewa ya ukaa kuwa kitu cha manufaa kwa kutumia umeme hukutana na msururu wa oksidi za metali, kila moja ikiwa na wanaoisifia. Kwa maabara ndogo ya chuo au ya shule ya ufundi huku Kusini, msururu huo hupungua upesi hadi nne: oksidi ya stani, ya bismuthi, ya zinki na ya shaba. Tunazilinganisha kwa mambo matatu: uso wa kila moja hufanya nini umeme ukishawashwa, zao lake hupimwa kwa kifaa gani, na kipi huiharibu katika joto, maji na umeme wa kukatikakatika.

Stani ndiyo metali ambayo vitabu vingine huiita bati. Neno hilo tumeliacha kwa makusudi, maana bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki hiyo tutakutana nayo mbele kama mharibifu.

Oksidi uliyoipaka na uso unaobaki

Kathodi, yaani elektrodi hasi ambako hewa ya ukaa hubadilishwa, huendeshwa katika kazi hii kati ya volti −0.6 na −1.1 dhidi ya elektrodi rejea ya hidrojeni, inayoandikwa RHE. Jedwali linaonyesha volti ambayo kila oksidi ikishushwa chini yake huanza kupoteza oksijeni na kurudi kuwa metali, pamoja na umeme unaoliwa na miligramu moja mpaka irudi yote. Titresheni ni kupima kiasi cha kitu kwa kudondoshea kimiminika cha nguvu inayojulikana; kromatografia ni mashine inayotenganisha mchanganyiko na kupima kila kilichomo.

| Oksidi | Huanza kurudi metali (V, RHE) | Umeme kwa miligramu 1 | Zao kuu | Kinachohitajika kupima |
|---|---|---|---|---|
| Shaba, Cu₂O | +0.47 | kulombi 1.35 | ethilini pamoja na mengine mengi | kromatografia ya gesi na ya vimiminika |
| Bismuthi, Bi₂O₃ | +0.37 | kulombi 1.24 | fomati | titresheni yatosha kuanzia |
| Stani, SnO₂ | −0.11 | kulombi 2.56 | fomati, na kaboni monoksidi kidogo | titresheni yatosha kuanzia |
| Zinki, ZnO | −0.43 | kulombi 2.37 | kaboni monoksidi | kromatografia ya gesi |

Ukisoma safu ya pili unaona kwamba, kwa hesabu ya nishati peke yake, zote nne zinatakiwa ziwe metali tupu kwenye volti za kazi. Lakini hesabu hiyo husema jambo litaelekea wapi, haisemi litafika lini. Juu ya stani hubaki utando mwembamba wa oksijeni na haidroksili unaokataa kuondoka, na utando huo ndio wenye kazi. Mwaka 2012 Yihong Chen na Matthew Kanan wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua stani, wakauondoa utando wake wa oksidi kwa asidi hidrobromiki, wakaiwasha: ikatoa karibu hidrojeni tupu. Metali ni ileile, umeme ni uleule, uso tu ndio umebadilika. Kwa hiyo unapochagua, fikiria uso utakaobaki baada ya robo saa ya umeme, wala usishikilie unga ulio kwenye chupa.

Safu ya tatu nayo huwapotosha wengi. Miligramu 1 ya oksidi ya stani, kwenye mkondo wa miliampea 10, hula sekunde 256 za umeme kabla haijamaliza kujigeuza. Ukiziingiza elektroni hizo kwenye hesabu ya ufanisi, yaani sehemu ya umeme iliyokwenda kwenye zao, kichocheo kizuri kitaonekana kibovu. Anza kuhesabu baada ya dakika 10 za mwanzo, au zitoe kulombi hizo mwishoni.

Stani na bismuthi

Hizi mbili tunazipa nafasi kubwa, kwa sababu ndizo zinazofaa zaidi mahali pasipo na vifaa vya bei kubwa. Zote hutoa fomati, chumvi ya asidi fomiki, inayobaki kwenye maji ya seli (chombo chenye elektrodi zote mbili) ikikungoja uipime kesho asubuhi. Gesi haikungoji.

Njia yao usoni inafanana. Molekuli ya hewa ya ukaa hujishika kwenye metali kwa upande wa oksijeni, hidrojeni ikaingia kwenye kaboni, fomati ikatoka. Ingejishika kwa kaboni, safari ingeelekea kwenye kaboni monoksidi. Tena zote mbili hushika hidrojeni kwa ulegevu, ndiyo maana hazipotezi umeme mwingi kwa kupasua maji.

Zinapotengana ni hapa. Kwenye stani, haidroksili za usoni huipokea hewa ya ukaa kwanza kama kaboneti iliyofungwa kwenye stani, kisha ndipo elektroni huingia. Haidroksili zikiisha, mlango umefungwa. Ukiisukuma stani chini ya volti −1.1 au ukaiacha huko muda mrefu, utando hupungua, hidrojeni hupanda, na vipovu vinavyotoka huwa vikubwa na vya haraka. Bismuthi haitegemei utando kwa kiasi hicho. Oksidi yake ya manjano hugeuka nyeusi ndani ya dakika chache, metali halisi yenye vibapa vidogo, na metali hiyo yenyewe inafanya kazi. Ndani ya bikaboneti, sehemu ya oksidi hupitia kwanza kwenye kaboneti ya bismuthi, na vibapa vinavyozaliwa humo huwa vyembamba na vyenye kingo nyingi, jambo linalosaidia.

Kwa matokeo, bismuthi iliyotengenezwa vizuri hufikisha zaidi ya asilimia 90 ya umeme kwenye fomati karibu na volti −0.8 hadi −1.0. Stani huangukia kati ya asilimia 60 na 90 kutegemea uangalifu wa mtengenezaji, na mara nyingi huhitaji volti kubwa kidogo kufika hapo. Kwa ufanisi, bismuthi inashinda bila ubishi. Kwa kujifunza kemia ya uso, stani inafundisha zaidi: mwanafunzi anaweza kuondoa utando, kupima, kuurudisha, kupima tena, akaona tofauti kwa macho yake.

Utengenezaji wa stani una mtego mmoja. Yeyusha gramu 3.5 za kloridi ya stani yenye maji matano ndani ya mililita 100 za maji safi, dondoshea amonia taratibu huku ukikoroga mpaka pH ifike 8, utapata uji mweupe mzito. Uji huo lazima uoshwe kloridi yote itoke, na hapo ndipo wengi hukwama: kloridi inapokaribia kwisha, uji hulegea ukawa maziwa na kupita kwenye karatasi ya kuchujia. Oshea maji yenye asetati ya amonia kidogo, gramu 5 kwa lita, badala ya maji matupu, au tumia mashine ya kuzungusha. Usitumie nitrati ya amonia; mabaki yake ndani ya tanuri ni hatari. Dondosha nitrati ya fedha kwenye maji ya mwisho ya kuoshea; yakibaki angavu, kloridi imetoka. Kausha kwa nyuzi 80, choma kwa nyuzi 400 saa mbili. Ukikamilisha bila kupoteza utapata karibu gramu 1.5.

Kwa bismuthi, kosa huja mwanzo kabisa. Nitrati ya bismuthi ukiitia kwenye maji matupu huganda papo hapo kuwa unga mweupe usioyeyuka. Gramu 4.85 ziyeyushwe kwanza kwenye mililita 20 za asidi nitriki ya molari 1. Kisha dondosha mchanganyiko huo ndani ya mmumunyo wa moto wa haidroksidi ya sodiamu wa molari 2, karibu nyuzi 80. Mmumunyo ukiwa baridi unapata haidroksidi nyeupe. Ukiwa moto inaelekea kwenye manjano. Chuja, osha mpaka pH ya maji ya kuoshea irudi karibu 7, kausha, choma nyuzi 450 saa mbili. Mavuno kamili ni gramu 2.33. Ihifadhi kwenye chupa yenye jeli ya kukaushia, maana kwenye hewa ya pwani yenye unyevu oksidi ya bismuthi hunyonya hewa ya ukaa polepole, manjano yake yakapauka.

Tahadhari kwa anayetaka njia ya mkato: waya wa kulehemu, ule unaoitwa risasi mitaani, si chanzo cha stani kwa kazi hii. Mwingi una risasi kweli, asilimia 40 hivi, na risasi nayo hutoa fomati. Utapata matokeo mazuri usiyoweza kusema yametoka kwenye metali gani, na maji ya seli yatakuwa na sumu.

Wino wa kupaka ni mmoja kwa zote mbili. Miligramu 10 za oksidi, mililita 1 ya pombe ya isopropili, mikrolita 50 za mmumunyo wa asilimia 5 wa Nafion (plastiki inayopitisha ayoni, hapa ikiwa gundi). Tikisa kwa mawimbi ya sauti dakika 30. Mikrolita 100 kwa kila sentimita ya mraba hukupa karibu miligramu 1. Paka kwenye karatasi ya nyuzi za kaboni, si ile nyeusi ya kunakilia maandishi. Paka kwa awamu nne au tano ukiacha kila tabaka likauke. Ukimwaga yote mara moja hupasuka kama tope la kiangazi. Kaushia kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa nzima. Pombe ikibaki itakudanganya kwenye titresheni, kama tutakavyoona.

Zinki

Oksidi ya zinki ni rahisi kupata na ni salama kushika. Ukiipasha moto inageuka manjano, ikipoa inarudi nyeupe, usidhani imeharibika. Chini ya umeme hugeuka polepole kuliko zote, na uso wake hushika kaboni monoksidi kwa ulegevu, hivyo gesi hiyo hutoka badala ya kuendelea kubadilika. Asilimia 60 hadi 80 ya umeme kwenda huko, karibu na volti −1.0, ni jambo la kawaida.

Mashaka yake ni mawili. La kwanza, zinki huyeyuka kwenye asidi na kwenye besi kali vilevile. Karibu na kathodi pH hupanda kwa sababu mmenyuko wenyewe huzalisha haidroksili, kwa hiyo sehemu ya zinki huyeyuka na kujibandika tena kama miiba inayokua kuelekea upande wa pili. La pili ni zao lenyewe. Kaboni monoksidi haina harufu, inaua. Kwenye sentimita moja ya mraba na miliampea 10, hata ufanisi ukiwa kamili, zinatoka mililita 4.6 kwa saa. Ni kidogo, ila ndani ya hewa ya ukaa inayopita kwa mililita 20 kwa dakika hizo ni karibu sehemu 3,800 katika milioni. Kengele za nyumbani za kutambua gesi hii nyingi huishia kuonyesha karibu na 1,000, hivyo ni za kulinda uhai, si za kupimia zao. Bomba la kutolea gesi lipelekwe nje ya dirisha, mbali na mlango, na kengele iwe mezani. Bila kromatografia ya gesi hatuoni sababu ya kuichagua zinki.

Shaba

Yoshio Hori wa Chiba, Japani, alionyesha mwaka 1985 kwamba shaba hutoa metheni na ethilini kutoka hewa ya ukaa, na tangu hapo kila mtu anaitaka. Sababu iko usoni: shaba huishika kaboni monoksidi kwa nguvu ya wastani, si kwa ulegevu wa zinki, wala si kwa ung'ang'anizi wa platini au nikeli. Molekuli mbili hukaa jirani muda wa kutosha zikaungana, na hapo ndipo minyororo ya kaboni mbili huanzia.

Oksidi inaingiaje, kama kwenye volti +0.47 shaba imesharudi metali? Inaacha alama. Oksijeni inapotoka, metali inayobaki ina mashimo na mipaka mingi kati ya fuwele, na ndani ya mashimo hayo pH hupanda. pH ya juu hukandamiza metheni na hidrojeni, hupendelea ethilini. Christina Li na Kanan, mwaka 2012, walichoma bamba la shaba hewani kwa nyuzi 500 saa 12, wakalirudisha kwa umeme. Likaanza kutoa kaboni monoksidi na fomati kwenye volti ndogo kuliko shaba laini. Lakini unene una kikomo. Tabaka nene mno hukosesha shaba ya ndani hewa ya ukaa, kwa sababu haidroksili huigeuza kaboneti kabla haijafika chini.

Fundi anayechoma shaba aijue tabia moja. Bamba likitolewa tanurini moto na kupozwa haraka, ganda jeusi hupasuka na kuruka vipande vidogo, uso ukabaki na madoa mekundu. Acha tanuri lipoe lenyewe usiku kucha. Kabla ya kuchoma, ng'arisha kwa umeme kwenye asidi fosforiki ya asilimia 85, volti 2, dakika 5. Shaba ya waya wa umeme ina vanishi au mabaki ya plastiki, na kuichoma na vitu hivyo huacha kaboni usoni, tafuta bamba.

Ugumu wa shaba ni kuhesabu ilichotoa. Watafiti wa Stanford, Kuhl na wenzake, mwaka 2012 walihesabu mazao 16 kutoka bamba moja. Ethilini yenyewe, kwa kuwa inahitaji elektroni 12, hutoka mililita 0.8 tu kwa saa kwa kila sentimita ya mraba ya miliampea 10, hata umeme wote ungeenda huko. Bila kromatografia hutajua umepata nini. Titresheni tutakayoieleza nayo haifai hapa, kwa sababu inahesabu alkoholi na aldehaidi pamoja na fomati. Kwa maabara inayoanza, shaba ni ya mwaka wa pili.

Indi tunaipita haraka. Oksidi yake hutoa fomati kama stani, pengine vizuri zaidi, ila metali ni adimu na bei yake haina sababu mbele ya bismuthi. Mchanganyiko wa stani juu ya shaba unastahili sentensi: ganda la oksidi ya stani la nanomita 0.8 juu ya chembe ya shaba lilitoa kaboni monoksidi, la nanomita 1.8 likatoa fomati. Nanomita moja tu ilitosha kubadili zao. Bila vifaa vya kupima unene huo, usiuguse.

Kupima fomati bila mashine kubwa

Chukua kathodi ya sentimita 4 za mraba, mkondo wa miliampea 40, saa mbili, mililita 30 za maji ya seli. Kulombi 288 zimepita. Kama zote zimekwenda kwenye fomati, una milimoli 1.49, yaani takriban molari 0.05. Hicho ni kiasi cha kupimwa kwa byureti, mrija wenye vipimo wa kudondoshea.

Mililita 5 za sampuli, gramu 1 ya kaboneti ya sodiamu, mililita 25 za pamanganeti ya potasiamu ya molari 0.02. Pasha karibu na kuchemka dakika 10. Unga wa kahawia utajitenga, na rangi ya zambarau lazima ibaki juu yake. Ikipotea, sampuli ni nyingi mno, punguza. Poza kabisa, tia asidi salfuriki iliyozimuliwa polepole kwa sababu itatoa povu, weka gramu 2 za iodidi ya potasiamu, kisha shusha thiosalfeti ya molari 0.1 na wanga. Bila fomati itatumika mililita 25. Kwa fomati kamili ya mfano wetu itatumika karibu 20. Tofauti ya kila mililita 1 ni milimoli 0.05 za fomati. Ukipata 20.5, ufanisi ni karibu asilimia 90.

Pamanganeti haibagui. Pombe ya wino iliyobaki na kloridi ya maji machafu zitakupa fomati ambayo haipo. Usidanganyike.

Maji, chumvi, joto na umeme wa huku

Maji ndiyo yanayoangusha majaribio mengi zaidi kuliko kichocheo. Kwenye volti −0.8 RHE na pH 7, ayoni za zinki na chuma zilizomo majini hujibandika kwenye kathodi bila kusita. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa yanaonekana safi kama kioo, lakini yamebeba zinki ya bati. Baada ya saa moja kathodi yako ya bismuthi ina zinki juu yake, na fomati inashuka. Maji ya visima vya karibu na bahari, Mikindani au Kilwa Masoko, huwa na kloridi. Kwenye anodi, elektrodi chanya, kloridi hugeuka klorini, inaharibu utando unaotenganisha pande mbili za seli. Tumia maji yaliyokenekwa, yenye upitishaji chini ya mikrosiemensi 5 kwa sentimita. Ukinunua maji ya betri, hakikisha ni maji matupu na si asidi. Pima kabla ya kuamini chupa.

Elektroliti ni bikaboneti ya potasiamu, gramu 50 kwa lita kwa molari 0.5, au gramu 10 kwa molari 0.1. Bikaboneti ya sodiamu hufanya kazi, lakini potasiamu hukandamiza hidrojeni vizuri zaidi. Ikishiba hewa ya ukaa, ya molari 0.5 hukaa pH 7.2. Kwa elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha yenye kloridi ya potasiamu iliyoshiba, ongeza volti 0.62 kupata RHE, kusoma −1.52 ni kuwa kwenye −0.90.

Anodi isiwe chuma cha pua. Nikeli na chuma vyake husafiri hadi kathodini na kuigeuza kiwanda cha hidrojeni. Platini nyuma ya utando wa Nafion ni nzuri. Grafaiti huvumilika kwa majaribio mafupi, ingawa humomonyoka na kutia maji weusi. Utando usiachwe: bila huo fomati hufika kwenye anodi ikateketezwa.

Joto hula zao kimyakimya. Kwa nyuzi 25 lita moja ya maji hushika milimoli 33 hivi za hewa ya ukaa. Kwa nyuzi 30 ni 30, kwa 35 ni 26. Chumba kisicho na kiyoyozi mwezi Desemba, na seli inayojipasha yenyewe, hufika huko. Mkondo uleule sasa hauna hewa ya ukaa ya kutosha, tofauti yake inalipwa kwa hidrojeni. Weka seli ndani ya beseni la maji lenye kipimajoto, na usilinganishe jaribio la asubuhi na la saa nane mchana. Kwa seli ya kawaida usivuke miliampea 10 hadi 20 kwa sentimita ya mraba.

Umeme ukikatika, vichocheo vinne vinaachana kabisa. Stani hujifunika oksidi tena, na ukirudi inaendelea karibu kama mwanzo. Bismuthi nyeusi hupata madoa meupe ya kaboneti. Inarudi, ila kila mzunguko hulegeza tabaka na vipande huanza kubanduka. Shaba hujioksidisha ndani ya dakika, chembe zake hujipanga upya, na kichocheo cha baada ya katizo si kile ulichokuwa unapima. Zinki huyeyuka na kurudi na miiba. Endesha seli kwa betri ya volti 12 yenye kipunguza volti, na weka diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya wa kathodi ili seli isijirudishie umeme na kuteketeza fomati yako. Ilinde kwa diodi ya ampea 1 kama 1N4007, ukikumbuka kwamba hupoteza karibu volti 0.7.

Hewa ya ukaa itoke wapi

Wengi hudhani gesi asilia ya Madimba au Songo Songo ni chanzo. Gesi hiyo karibu yote ni metheni. Hewa ya ukaa huja baada ya kuichoma. Saruji ni hadithi nyingine: Mtwara ina kiwanda kikubwa, na kila tani ya klinka hutoa takriban nusu tani ya hewa ya ukaa kutoka kwenye mawe ya chokaa peke yake, mbali na mafuta ya tanuri. Lakini moshi wa tanuri una oksijeni, ambayo kathodi huila kabla ya hewa ya ukaa, na una dioksidi ya salfa. Salfa hiyo, hata kidogo sana, hugeuza uso wa shaba kuwa salfidi na kuielekeza kwenye fomati moja kwa moja. Stani huathirika kisha hupona gesi safi ikirudi. Anayeota kuunganisha seli na moshi wa kiwanda aifute shaba kwenye orodha yake.

Kwa maabara, mtungi wa hewa ya ukaa wa mafundi wa kuchomelea unatosha. Msimu wa mabibo kuna njia nyingine nzuri: kilo 1 ya sukari ikichachuka kikamilifu hutoa karibu lita 277 za hewa ya ukaa, na seli inayopokea mililita 20 kwa dakika hutumia lita 1.2 kwa saa. Dumu moja la maji ya mabibo lina kazi ya siku kadhaa. Gesi ya uchachushaji hubeba mvuke wa pombe na harufu za salfa, kwa hiyo ipitishe kwanza kwenye chupa ya maji, ya pili ya pamanganeti iliyozimuliwa, ya tatu ya mkaa ulioamilishwa. Ukiona pamanganeti imekuwa kahawia, ibadilishe.

Tungechagua hivi

Mwalimu mwenye byureti, tanuri na betri, asiye na kromatografia: bismuthi kwanza, stani ya pili ili kuonyesha kazi ya utando. Mwenye umeme wa kukatika kila siku na asiye na betri: stani. Mwenye kromatografia ya gesi na chumba chenye hewa ya kutosha anaweza kuanza na zinki kujizoeza, kisha shaba.

Na kabla ya jaribio lolote la kichocheo, endesha karatasi ya nyuzi za kaboni iliyopakwa wino usio na oksidi, kwa saa mbili zilezile, mkondo uleule, maji yaleyale. Itatoa hidrojeni. Titresheni ikikuonyesha fomati zaidi ya asilimia 2 au 3 hapo, usipake bismuthi bado. Tafuta kwanza kama ni pombe ya wino, kloridi ya maji au chupa isiyooshwa.